Mafuta ya Jana

Marehemu Karai alipokuwa anarudi nyumbani, mtaa mzima ulijua kabla hajaonekana, maana gari lake lilitanguliwa na harufu ya chipsi. Si kwamba aliuza chipsi. Alikuwa mpaka rangi, mtu wa kuta na dari, na jina la Karai alibandikwa na wenye vibanda vya kukaangia, aliokuwa akiwapitia na madumu yake kuomba mafuta waliyokwisha kuyatumia. Mafuta hayo aliyachuja kwa kitambaa kile kile alichochujia rangi, akayamimina kwenye tangi la pili alilolifunga mwenyewe ndani ya buti, na lile gari lake kuukuu la dizeli likayanywa bila kinyongo. Likipita, hata watoto walioshiba walianza kusema wana njaa.

Mkewe alikuwa mkutubi katika maktaba ya mji, mama wa miwani yenye mnyororo, mpole mpaka pale mtu anapokunja ukurasa kuweka alama. Jinsi watu hawa wawili walivyokutana anaisimulia vizuri zaidi shemeji mtu, mdogo wake Karai, na kila mwaka anaitia chumvi kidogo. Itoshe kusema kwamba Karai alikwenda kupaka rangi rafu za maktaba, akasahau brashi, akarudi kuichukua. Kesho yake akasahau kofia, akarudi. Mara ya tatu mkutubi akamuuliza leo amesahau nini, akajibu kwamba leo hakusahau kitu. Huyo ndiye Karai. Alikuwa mtu wa kukumbuka mambo akishafika mlangoni.

Juu ya gari hilo waligombana mara moja tu, tena kwa ajili ya nguo. Msimu wa baridi mkutubi alianika nguo ndani, kwenye kamba iliyopita mbele ya dirisha la sebuleni, na Karai alikuwa na tabia ya kuliacha gari likinguruma getini huku akishusha ngazi zake. Siku moja msomaji mmoja, mzee wa watu asiye na ubaya wowote, alisimama mbele ya meza ya mkutubi, akanusa, akauliza kwa heshima zote kama maktaba siku hizi inauza na chakula. Jioni ile mkutubi alimwambia mumewe kwamba akitaka kulingurumisha gari lake, akalingurumishe mbele ya nyumba ya mtu mwingine. Karai alicheka mpaka akakaa chini, akasema amesikia, na yakaisha.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuisha, kwa sababu halikuwahi kuanzishwa. Maktaba ilifungwa mapema, na mkutubi, ambaye asubuhi alipelekwa kazini na mumewe, jioni aliteremka kilima kwa miguu na kuwa wa kwanza kufika nyumbani. Kiangazi hapakuwa na neno. Karai alikuja, akaegesha, akaingia. Baridi ilipoingia, mambo yalibadilika. Mkutubi akiwa jikoni alisikia gari linakuja, harufu ikamfikia, akaona mwanga wa taa ukipita kwenye pazia, akaweka maji ya chai kwenye jiko. Na gari likapita. Lilipita geti, likakata kona, likapotelea mtaa wa nyuma, na maji yalipoanza kuchemka ndipo liliporudi. Kesho yake vile vile. Msimu wote ukawa vile vile, na misimu yote ya baridi iliyofuata.

Mtaa wa nyuma aliishi fundi cherehani mmoja, mjane mwenye mwanya na kicheko cha kuvuka ukuta, ambaye dirisha lake lilikuwa na taa mpaka jioni inaisha. Mkutubi hakuwahi kuona kitu wala kusikia kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe, maana angeona kitu kimoja angekijua kimoja, na kwa kutoona alivijua vingi. Alijiambia kwamba baridi ikiingia giza nalo huingia mapema, na giza lina kazi zake. Kutwa nzima watu walimjia na maswali, naye aliyapenda maswali kuliko mshahara. Hili la kwake peke yake hakuliuliza. Aliogopa kwamba akiliuliza litajibiwa.

Halafu Karai akafa, kiangazi, ameketi kivulini na kikombe cha maji mkononi, ukuta wa watu ameshaumaliza, hata brashi ameziosha. Mkutubi alimlilia kwa moyo wake wote, na ndani ya kilio hicho palikuwa na kona moja ndogo iliyojaa hasira. Alitaka kujua miaka ile yote alikuwa ameishi ndoa ipi. Hakudai kingine chochote kwa marehemu.

Ndiyo maana hakuliuza gari. Watu walisema ni mapenzi, na mapenzi yalikuwemo, lakini zaidi aliona kwamba katika vyote alivyoviacha Karai, ngazi, ndoo, kofia zilizosahaulika nyumba za watu, ni hilo tu lililokuwa limekwenda naye mtaa wa nyuma kila jioni. Kama kulikuwa na shahidi, ni hilo.

Kiangazi chote alikwenda nalo kazini na kurudi bila shida. Sheria zake alizijua kwa kuwa aliketi pembeni ya dereva asubuhi nyingi. Kwenye dashibodi palikuwa na swichi moja, na Karai, mpaka rangi mpaka mwisho, aliitia nukta nyeupe upande mmoja na nukta ya njano upande wa pili. Nyeupe ni dizeli, ya njano ni mafuta ya kukaangia. Unawasha kwa nyeupe. Ukishamaliza kupanda kilima, injini imepata moto, unahamia njano, na baada ya hapo unaendeshwa na chipsi za watu. Mkutubi alipofika nyumbani alizima, akachukua mkoba wake, akaingia. Wenye vibanda waliendelea kumpa mafuta kwa ajili ya mumewe, naye aliyachuja kwa kitambaa kile kile, akajifunza kutoyamwaga.

Kisha baridi ikaja, ile ya kuganda umande kwenye vioo, na asubuhi moja gari likagoma. Stata ililia, ikalia, ikachoka. Mkutubi alipanda kilima kwa miguu na jioni akampigia shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa fundi mafriji, mtu mnene wa kucheka na watu, aliyeishi kwa kutengeneza baridi na kuichukia kuliko mtu yeyote. Alivaa sweta mbili ndani ya karakana yake hata kiangazi. Gari la kaka yake hakuwahi kulipenda, alisema ni kikaango chenye magurudumu. Alifungua boneti, akapima betri, akachunguza plagi za kupasha injini, akakuta vyote vizima, akafunga boneti taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji, mimi namjua mnunuzi wa chuma chakavu," alisema. "Jumamosi anaweza kuja."

Mkutubi akamuuliza ana haraka gani. Shemeji akawa anaifuta mikono yake ambayo tayari ilikuwa safi. Akasema gari la namna hii linaweza kumzimikia njiani, juu kule kwenye upepo, hakuna mtu, naye ameshamzika kaka mwaka huu, hana nguvu ya kumzika na shemeji. Aliyasema hayo akiitazama taa ya mbele ya gari. Wakapatana: mpaka Jumamosi. Likipona, linabaki. Lisipopona, linakwenda kupimwa kwenye mizani pamoja na vyuma vingine.

Ilikuwa Jumanne. Mkutubi alilala na wazo moja, kwamba gari hili baridi zote zilizopita liliwaka kila asubuhi. Hakukumbuka hata mara moja kwamba alichelewa kazini. Karai alikaa, akageuza ufunguo, likawaka, tena huku akipiga mluzi. Gari lile lile, mafuta yale yale, baridi ile ile. Kilichokosekana ni Karai. Je, Karai alikuwa anafanya nini ambacho yeye hafanyi?

Kesho yake aliingia karakana ya shemeji yake na kikapu cha chupa. Alikuwa amepita kwa wenye vibanda akaomba kidogo kidogo kwa kila mmoja, na kwa kuwa ni mkutubi, kila chupa ilikuwa na kikaratasi chenye herufi na namba, zimepangwa kama zinakwenda kwenye rafu. Shemeji akaziangalia, akauliza kama wasomaji wataruhusiwa kuziazima. Lakini fundi mafriji hawezi kuona jambo la baridi akalipita. Alisafisha friza moja ya mteja aliyechelewa kuifuata, akaweka kipimajoto, akazipanga chupa mwenyewe, na mara kwa mara akawa anaacha kazi ya watu kwenda kuchungulia.

Walichokiona kiliwafurahisha wote wawili mpaka wakasahau kwamba wana ugomvi. Mafuta ya mawese yaliganda mapema kabisa, yakawa kama mshumaa. Yale ya kibanda cha stendi, ambayo mwenyewe aliapa ni safi, yalitia ukungu, yakawa kama uji, na shemeji akasema yule bwana anakaangia nyama humo humo na kuapa kwake ni bure. Ya alizeti yalibaki maji. Mkutubi alipoiinamisha chupa, yalisogea, ingawa kwa uvivu, kama asali.

"Basi tatizo tumelipata," alisema shemeji. "Umelilisha uji."

Wakaondoa mafuta yote ya zamani, wakajaza ya alizeti matupu. Asubuhi iliyofuata shemeji alikuja na birika la maji ya moto, wakafunika mabomba kwa taulo, wakamwagia, wakasubiri, na gari likakohoa likawaka. Mkutubi alikwenda kazini kifua mbele. Alirudi jioni, akaegesha, akazima, akaingia ndani na kujipikia chakula kizuri. Asubuhi likagoma, vile vile kama mwanzo.

Shemeji hakusema nilikuambia, na mtu anayemjua atakubali kwamba alijizuia sana. Alisimama barazani akipuliza viganja, akauliza kwa sauti ya chini kama ampigie yule wa chuma chakavu leo leo, yaishe.

"Bado hatujajua kwa nini," alisema mkutubi.

"Haliwaki, shemeji. Ndiyo hivyo."

"Haliwaki ni habari. Mimi nauliza kwa nini."

Akamwomba waonyeshane njia ya mafuta tangu mwanzo mpaka mwisho, kidole kwa kidole. Shemeji akanywea chai yake kwenye baridi, akaanza. Hili hapa tangi la dizeli. Lile la buti ni la mafuta. Mabomba mawili yanakuja mpaka hapa, kwenye koki inayoamriwa na ile swichi ya nukta. Kutoka hapa ni bomba moja tu, linaingia kwenye chujio, kwenye pampu, kwenye injini. Mkutubi alilitazama hilo bomba moja. Lilikuwa mpira mweusi, mnene, usioonyesha chochote. Akauliza kama kuna mpira wa kuonekana ndani. Shemeji alisema mipira ya namna hiyo anayo mingi, ndiyo anayotolea maji kwenye friza za watu, na kama ni kuangalia tu itafaa. Akaenda kuuchukua, akakata kipande, akakiunga mahali pa ule mweusi.

Ile kazi ya kuunga ilionyesha jambo kabla ya jaribio lolote. Mpira mweusi ulipotoka, kilichochuruzika kutoka mdomoni mwake hakikuwa dizeli. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, kizito, kikashuka kwenye kidole cha shemeji kwa kujivuta, na kikanuka chipsi za baridi.

Mkutubi aliuliza swichi iko wapi. Shemeji akachungulia ndani. Ilikuwa kwenye nukta nyeupe, kama inavyotakiwa wakati wa kuwasha.

"Sasa kama tumeomba dizeli," alisema mkutubi, "haya mafuta yanatafuta nini hapa?"

Wakatazamana. Na hapo, mbele ya boneti iliyo wazi, mvuke ukiwatoka midomoni, wote wawili wakalielewa kwa pamoja, ila shemeji aliwahi kulisema. Ni ya jana. Jana alikuja na njano mpaka hapa, akazima. Mafuta yakabaki bombani, kwenye chujio, ndani ya pampu, yakalala na baridi. Asubuhi unageuza swichi kwenye dizeli, lakini dizeli iko nyuma ya foleni. Kwanza ipite ile asali, na asali haipiti. Kiangazi haikuleta shida kwa sababu asali yenyewe ilikuwa laini.

"Bomba halijui umebonyeza nini leo," alisema mkutubi polepole, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto. "Linajua ulichokiacha jana."

Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka inatia hasira. Kabla ya kuzima, rudi kwenye nyeupe, uendelee kuendesha kidogo, injini iyale yale mafuta yaliyobaki, dizeli ijae bomba lote, ndipo uzime. Kidogo ni kiasi gani, mkutubi akataka kujua. Shemeji alisema bomba litakuwa jeupe, ila yeye akiwa kwenye usukani hataliona. Afuate pua yake. Harufu ya chipsi ikiisha na ya dizeli ikaja, basi. Akamshauri abadilishe akifika darajani, kutoka pale hadi nyumbani patatosha. Mkutubi akarudia: darajani. Wakamwagia maji ya moto tena, likawaka, naye akaenda kazini akiwa amechelewa na hana hata habari, ameacha nyuma yake harufu ya chipsi mtaa mzima.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jioni shemeji alifika nyumbani kwa mkutubi mapema, akafungua kwa ufunguo uliofichwa chini ya chungu cha maua, maana alitaka kuwepo gari litakapozimwa. Hakuamini mtu mwingine katika kuzima.

Mkutubi alitoka maktaba wakati jua linazama na baridi inashuka kutoka kwenye paa za nyumba. Aliendesha kwa furaha. Alipenda kujua kitu, na leo alijua kitu. Njia nzima alikuwa analiwaza lile bomba, atakavyomweleza mtu atakayekuja kuuliza, atamwonyesha kitabu kipi, na alipofika darajani akakuta lori limezimika katikati, watu wanapiga honi, mmoja anamwelekeza apite kushoto, mwingine kulia. Akashika usukani kwa mikono miwili, akapita kwa kubana pumzi, akashukuru, akaendelea. Alikata kona ya mwisho. Akaliona geti lake. Na alipoliona geti ndipo alipokumbuka swichi.

Ilikuwa bado kwenye njano.

Alisimama getini akacheka peke yake, akahamia nyeupe, akakaa kungoja, injini ikinguruma. Hakuna ubaya, alijiambia, nitasubiri hapa hapa mpaka harufu ibadilike. Moshi ulitoka nyuma, na upepo ukauchukua taratibu ukaupeleka kwenye dirisha la sebuleni. Nyuma ya kioo palikuwa na kamba, na juu ya kamba palikuwa na sweta zake mbili, shuka na lile gauni la kazini, ameanika asubuhi. Kidirisha cha juu kilikuwa wazi. Mkutubi akasema kwa sauti, mle garini peke yake, kwamba moshi huu hapana, akalingurumishe mbele ya nyumba ya mtu mwingine.

Aliyatamka maneno hayo kabla hajayasikia. Halafu akayasikia.

Mkono wake ulikuwa umeshaingiza gia. Gari likasogea, likapita geti, likafika kwenye kona, na kwa kuwa barabara ile haina mahali pengine pa kukatia, likaingia mtaa wa nyuma. Taa zilimulika ukuta uliochubuka rangi, pipa, paka aliyeketi juu ya pipa. Harufu ilikuwa bado ya chipsi. Akapita dirisha la fundi cherehani. Yule mama alikuwa ndani ameinamia mashine, uzi mdomoni, na gari lilipopita aliinua kichwa, akalitazama kidogo kama mtu anayesikia sauti aliyoizoea, akainama tena kushona. Ndiyo hayo tu yaliyokuwepo mtaa wa nyuma. Dirisha moja, na mtu anafanya kazi yake.

Mkutubi aliendesha polepole, mashimo yote akiyafuata moja moja. Kwenye tangi la maji la mtaa harufu ilianza kuchanganyika. Kwenye kona ya pili chipsi zilikuwa zimebaki kwa mbali, kama jirani anapika. Alipotokea tena kwenye barabara yake, alivuta pumzi, na ilikuwa dizeli tupu, chafu, ya kukera, harufu ya gari la mtu yeyote. Mzunguko ule ulitosha bomba kabisa, haukuzidi wala haukupungua.

Aliona aibu, mpaka masikio yakapata moto. Aliona furaha pia, kubwa, isiyojua ikae wapi. Lakini iliyozidi zote ni hasira, na safari hii haikuwa juu ya Karai, ilikuwa juu yake mwenyewe. Jioni ngapi alimfungulia mlango yule mwanaume, chai mezani, uso umenuna, naye Karai akiivua kofia yake anauliza mke wangu leo maktaba nani amekuchosha. Alikuwa anatoka kufanya alichoambiwa. Alikuwa anahakikisha asubuhi atawahishwa kazini mtu asiyetaka nguo zake zinuke.

Shemeji alikuwa amesimama getini, sweta mbili na koti la Karai juu yake, ameshangaa.

"Shemeji," alisema kabla hata kioo hakijashuka vizuri, "mbona umepita nyumba?"

Mkutubi aliiweka mikono yake juu ya usukani na kulisikiliza lile swali likiwa nje, hewani, limesemwa na mtu mnene mwenye baridi bila kufikiri, kama vile mtu anavyouliza saa ngapi. Lilikuwa jepesi namna hiyo. Miaka yote lingemgharimu pumzi moja.

Alizima gari. Akamwambia afungue boneti.

Shemeji alimulika kwa simu. Kile kipande cha mpira kilikuwa cheupe mwanzo hadi mwisho, dizeli imetulia ndani yake kama maji kwenye glasi. Akapiga mluzi, na ule mluzi ulikuwa wa kaka yake kabisa. Kisha akatazama gari, akatazama kona, akatazama upande wa mtaa wa nyuma, na mkutubi aliona jinsi jambo linavyomwingia.

"Umezungukia nyuma," alisema.

"Nilisahau darajani. Nimekumbuka nilipoona geti. Na hapa nguo zimeanikwa."

Shemeji akasema kwa taabu, akiizungusha simu mkononi, kwamba na yeye alikuwa anaona. Aliona kaka yake anavyopita nyumba jioni za baridi, na alidhani, Mungu amsamehe, kwamba kuna jambo kule kwa fundi cherehani. Ndiyo maana hakulipenda gari. Mkutubi akamwambia hata yeye alidhani hivyo.

"Si ungemuuliza?"

"Na wewe si ungemuuliza?"

"Mimi sikuwa mke wake," alisema shemeji, na mkutubi akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akalia pale pale amesimama, kipaji cha uso wake kimeegemea boneti iliyokuwa bado na joto. Shemeji hakumgusa wala hakumnyamazisha. Alisogea pembeni kidogo, akampigia simu yule mnunuzi wa chuma chakavu, akamwambia kesho asije. Mtu wa upande wa pili aliuliza sababu, inaelekea, kwa sababu shemeji alijibu kwamba gari si bovu, lilikuwa linasubiri mtu wa kuliuliza vizuri.

Walifunga boneti pamoja. Mkutubi alifuta miwani kwa pindo la kanga yake, akaivaa, akaitazama barabara jinsi ilivyokuwa tupu.

"Niliposikia gari linakuja niliweka maji ya chai," alisema shemeji. "Halafu nikaona unapita. Sasa sijui."

"Yatakuwa yanaanza kuchemka," alisema mkutubi. "Muda wake ni huu."

Wakaingia ndani, na yalikuwa yanaanza kuchemka.